Jina la Mzee kwenye Disketi

Mimi, kitu cha kunishangaza hakijazaliwa. Nimeona gunia la mahindi likiuzwa kwa bei ya jogoo, na nimeliona likiuzwa kwa bei ya mbuzi, mwaka mmoja, soko moja. Nimeona watu waliocheka miguu yangu peku wakija kuniomba mkopo, viatu wamevua mlangoni. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini nimeajiri watu wa kidato cha nne na wakaniita tajiri. Kwa hiyo nilipoamua kununua kompyuta, mwishoni mwa miaka ya tisini, sikuona kama ni jambo la kunitoa jasho. Waliokuja dukani kushangaa ni wengine.

Biashara yangu ilikuwa magunia. Nilianza kwa kuokota yaliyochanika, nikayashona kwa mkono, nikayauza Kibaigwa kandokando ya barabara kuu wakati malori yanayosimama pale yalikuwa bado ya kuhesabika. Ilipokuja ruksa, kila mtu akawa huru kununua na kuuza nafaka, na kila mtu akahitaji gunia. Mimi nilikuwa nayo stoo, yamepangwa mpaka darini. Sikubahatisha. Nililiona jambo hilo likija wakati wenzangu bado wanangoja watangaziwe redioni.

Nilikuwa nawakopesha wafanyabiashara wa Kibaigwa magunia kabla ya mavuno, nao wananilipa wakishauza mahindi. Duka langu lilikuwa Dodoma mjini, na pesa iliingia benki hukohuko, kwenye akaunti yangu. Hesabu ya nani amelipa na nani bado ilikuwa ya karani wangu.

Karani huyo alikuwa mtu mzima, amenipita kama miaka ishirini, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambazo babu zao waliingia na misafara ya biashara kabla reli haijafika. Alivaa kanzu, juu yake koti la kijivu, mfukoni kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Mimi ndiye niliyekuwa namlipa mshahara, lakini kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, hata mbele ya wateja. Naye hujibu, "Marahaba, tajiri," halafu hucheka kidogo, kwa sababu maneno hayo mawili hayakai vizuri pamoja.

Kila mwisho wa mwezi benki ilitoa taarifa ya akaunti, karatasi ndefu yenye mistari mingi. Mzee alikuwa anakaa nayo siku nne. Upande huu taarifa, upande ule leja, na kalamu nyekundu ikitia alama mstari kwa mstari. Alikuwa pia na kidaftari kidogo cha mfukoni ambacho alikiandika kwa herufi za Kiarabu, maneno yenyewe ya Kiswahili. Mimi nilikuwa naangalia mstari wa mwisho tu, ule wa salio. Siku nne! Nilikuwa namlipa mtu siku nne nzima kunakili kitu ambacho benki imeshakiandika.

Basi benki yangu, moja ya zile mpya za watu binafsi, ikaanza kuwapa wateja wakubwa taarifa yao kwenye disketi kila Ijumaa. Niliposikia neno "wateja wakubwa" nilikwenda kujiandikisha siku hiyohiyo. Kompyuta nikainunua kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi, mwanamke mnene, mpole, aliyefanya kazi ya uhasibu serikalini mpaka akapunguzwa. Yeye ndiye aliyeniwekea programu ya hesabu za biashara ndogo, na ndiye aliyenionyesha jinsi inavyofanya kazi.

"Unaingiza disketi hapa," aliniambia. "Programu inasoma mistari yote ya benki. Tarehe, kiasi, jina la aliyeweka. Ikikutana na jina jipya inakuuliza, huyu nimwandike wapi? Unaiambia mara moja tu. Kesho ikiliona jina lile inaliandika yenyewe, haikuulizi tena."

"Kwa hiyo karani wa nini?"

"Ngoja, baba. Mashine inaona jina la mtu aliyesimama dirishani kwa keshia. Haijui pesa ni ya nani. Muite mzee wako tukae naye, tuyapitie majina. Halafu kwa miezi miwili endesha vyote, leja na kompyuta, uone kama vinakubaliana."

"Mama, mzee ndiye ninayempunguzia kazi. Nimwite aje afundishe mashine?"

Alifunga mkoba wake. Nilimlipa, nikamwambia asijisumbue kurudi, nimeshaelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa kubonyeza.

Nilianza na disketi yenye taarifa za miezi mitatu ya nyuma. Nilifunga mlango wa ofisi ndogo iliyo nyuma ya duka, nikaingiza, nikabonyeza. Mashine ikanguruma kama paka, halafu ikaanza kuniuliza majina. La kwanza lilikuwa jina la karani wangu. Nikadhani ni pesa ya mauzo ya dukani niliyomtuma apeleke benki, lakini za dukani nilikuwa nazipeleka mwenyewe, simwachii mtu. Nikaiambia mashine imfungulie ukurasa wake. Basi ikaanza kumimina humo kila pesa iliyowekwa kwa jina hilo, bila kuniuliza tena. Laki tatu na themanini. Laki mbili. Laki tano na nusu. Chini ikajumlisha yenyewe: milioni nne, laki mbili na themanini elfu.

Mtu ninayemlipa elfu sitini na tano kwa mwezi.

Nilikaa nikaitazama ile jumla, na kichwa changu, hiki ninachokisifia, kikafanya kazi haraka sana. Nilisema: pesa hii anaitoa wapi? Ni yangu. Anaichukua mahali nisipopaona, anaizungusha kwenye mahindi wiki mbili tatu, anakula faida, halafu anairudisha kimyakimya kabla ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana anakaa na zile karatasi siku nne. Ndiyo maana ya kidaftari cha herufi nisizozijua. Kila kitu kikaingia mahali pake. Nilijisikia vizuri, na hilo nalisema hapa ingawa linaniumiza: nilifurahi. Mashine yangu ilikuwa imenasa mwizi siku ya kwanza.

Juu ya ukurasa ule programu iliacha nafasi ya kuupa jina. Nikaandika kwa kidole kimoja: WIZI.

Leja ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuifungua.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya watu. Walikuwepo wateja wa Mpwapwa, wa Singida, wapakiaji wangu, na mwuza kahawa aliyesimama mlangoni na birika lake. Mzee aliingia saa mbili kamili kama kawaida, akasubiri salamu yangu. Sikumwamkia. Nilikuwa nimeitoa kompyuta mpaka kaunta, nikaigeuza uso uwaangalie watu.

"Soma," nikamwambia.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akasogea. Alisoma taratibu, mstari kwa mstari, kama anavyosoma karatasi za benki. Alipoinua macho juu, penye lile neno, alisimama.

"Mashine haikukosea," alisema. "Jina ni langu."

"Mmemsikia!" nikawageukia watu. "Amekubali mwenyewe."

"Nimekubali jina langu."

"Na pesa? Milioni nne umezitoa wapi, kwenye kalamu?"

Mtu mmoja alicheka. Nilikuwa nimekusudia wacheke.

"Pesa ina wenyewe," mzee alisema. "Wameandikwa kwenye leja, kila mmoja na chake."

"Leja umeandika wewe!"

"Na hii umeifundisha wewe," akasema, akaigusa mashine pembeni kwa kidole kama mtu anayepima joto la sufuria.

Watu walicheka tena, na safari hii hawakumcheka yeye, walinicheka mimi. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia atoke. Nilimwambia mshahara wake wa siku alizofanya mwezi ule ausahau, akaulize kwenye mahindi yake. Nilimwambia ashukuru simwiti polisi. Hakubishana. Alichukua kalamu zake mbili juu ya meza, chupa ya wino akaiacha, akafungua kitasa cha mlango kwa mkono wa kulia na kusema, "Assalamu alaykum," kwa wote. Mwuza kahawa peke yake ndiye aliyeitikia.

Mzee alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaa wao, kile ambacho watu huchanga kidogokidogo ili mtu akifiwa sanda na chakula cha matanga visiwe tabu. Wiki ile alilirudisha sanduku na funguo mwenyewe, kabla hajaulizwa. Nilisikia kwa mwuza kahawa. Nikajibu, "Umeona? Mwenye hatia hukimbia." Halafu nikasikia amehama mtaa ule aliozaliwa, amekwenda kukaa kwa binti yake Mkonze, pembeni ya mji.

Mimi nikaendelea na mashine. Niliiingizia orodha ya magunia niliyokopesha, nayo ikaniambia kwamba wateja kumi na mmoja wa Kibaigwa hawajalipa hata senti. Nikabonyeza, ikaandika barua za madai yenyewe, kila moja na jina lake, nikazipeleka kwa basi. Nilijiona nimefika. Watu wengine wanaandika barua, mimi barua zinajiandika.

Siku ya tatu akaja mama mmoja. Mrangi wa Kondoa, alihamia Kibaigwa tangu soko likiwa dogo, anauza mahindi na ufuta. Mteja wangu wa miaka mingi. Aliingia na barua yangu mkononi, ameishika kwa ncha za vidole viwili.

"Hii ni nini, baba?"

"Deni lako. Laki moja na nusu."

"Unaumwa?"

"Mama, taratibu. Mashine imesema."

"Mashine niliipa mimi pesa? Nilimpa mzee wako, mkononi, stendi, siku ya pili baada ya Idi. Akaandika kwenye kidaftari chake, akanisomea nikasikia. Na asubuhi akaipeleka benki."

"Umpe mzee kwa nini? Duka lipo. Benki ipo."

"Benki ukiingia wanakupa karatasi ujaze. Nijaze na nini, na unga? Wengi wetu kalamu hatuijui, wewe unalijua hilo. Na hapa dukani kwako..." Alicheka, akageuka kumtazama mpakiaji wangu mmoja aliyekuwa mlangoni. "Mjomba, hukuwepo ile siku ya noti? Nilimletea huyu noti ya mia tano imechanika, nimeibandika kwa ugali. Akaiinua juu. Akaniuliza mbele ya watu, hii umeiokota jalalani? Watu wakanicheka mimi mama mzima. Tangu siku ile namsubiri mzee akija Kibaigwa kukagua magunia, au nikija mjini namfuata stendi akitoka msikitini. Sote tunampa yeye. Unadhani tunampa kwa sababu gani? Yeye anatusitiri."

Nakumbuka niliikumbuka ile noti, na nilikumbuka kwamba siku ile nilijiona mjanja.

"Yuko wapi nimsalimie?" akauliza.

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

Mpakiaji ndiye aliyemwambia. Alimwambia yote, kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama hapohapo. Mama yule aliikunja barua mara nne, akaiweka juu ya kaunta, akaisukuma upande wangu.

"Basi mimi nimekuja kusomewa barua na mtu aliyemfukuza anayetusomea," akasema, akaondoka bila kuaga.

Nilifunga duka mchana kweupe. Nikatoa leja kabatini, nikachapisha ule ukurasa wa mashine, nikaviweka kama alivyokuwa akiviweka yeye, hiki huku na hiki huku. Mimi kujumlisha kwa maandishi ni kazi. Najumlisha kichwani, lakini siku ile nilitaka kuiona. Laki tatu na themanini elfu, jina la mzee, inasema mashine. Leja, tarehe ileile: mama wa Kondoa laki moja na nusu, mwingine laki moja na thelathini, mwingine laki moja. Nikaweka kidole, nikahesabu, nikahesabu tena. Ikawa sawa. Nikaenda ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Nilianza baada ya adhana ya adhuhuri, na ya alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa nimefika mstari wa mwisho, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Katika milioni nne na kitu, zilizopita mikononi mwake zikiwa noti zilizobandikwa kwa ugali, hakuna shilingi.

Kuna jambo jingine sijawahi kumwambia mtu. Kabla ya kompyuta, wateja walipoingia dukani walikuwa wanamsalimia yeye kwanza. Duka langu, jina langu juu ya mlango, na wao wanapita mbele yangu kwenda kuuliza hali ya mzee. Nililiona hilo kwa miaka. Kwa hiyo jumla ile ilipotokea kwenye kioo, nilikuwa tayari nimeshamhukumu zamani, nilikuwa nangoja karatasi tu.

Nilikwenda Mkonze na pikapu, nikiwa na bahasha yenye milioni moja. Nyumba ya binti ilikuwa ya matofali ya kuchoma, haijapigwa plasta, na mzee alikuwa uani, ameketi kwenye kiti cha kamba, anamchambulia binti yake mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee wangu."

Aliendelea kuchambua punje mbili tatu. "Marahaba," akasema. Hakuongeza "tajiri". Binti aliniletea kiti, maji hakuniletea.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikirudia maneno, mimi ninayeweza kumuuzia mtu gunia lenye tundu. Nilisema nimehesabu leja. Nilisema nimekosa. Nikasema arudi, nitamwongezea mshahara mara mbili, mashine nitaitupa.

"Usiitupe," alisema. "Mashine ni nzuri. Mimi macho yamechoka, ile ingenifaa sana. Ungeniuliza tu, ningekaa nayo siku moja, nikaionyesha nani ni wa nani."

"Basi rudi uionyeshe."

"Hapana, bwana."

"Nitakwenda kwenye chama cha kuzikana, niseme mwenyewe. Nitasimama msikitini."

"Utasema kwa watu wa mtaani, na ni vizuri ukisema. Na wale wa Jumamosi? Wa Singida walirudi kwao na habari, wa Mpwapwa wakarudi na yao. Utapanda basi uwafuate mmojammoja?"

Nikaitoa bahasha, nikaiweka kwenye ungo, pembeni ya mchele, kwa sababu sikuona mahali pengine.

"Ni nini?"

"Milioni moja."

"Ya kazi gani?"

"Ya... hii niliyokufanyia."

Aliishika bahasha kwa vidole viwili, kama mama wa Kondoa alivyoishika barua, akanirudishia. Halafu akamwambia binti amletee kalamu na karatasi. Alivaa miwani, akaandika kwa ile kalamu ya bluu huku akisema kwa sauti ili nisikie.

"Mwezi ule nilifanya kazi siku tisa. Elfu mbili na mia tano kwa siku, ni elfu ishirini na mbili na mia tano. Nilikuwa nimechukua kwako elfu sita mwanzo wa mwezi, tunatoa. Inabaki kumi na sita na mia tano. Wino na karatasi za mistari nilinunua kwa pesa yangu, elfu moja mia tatu na hamsini, na chupa ya wino imebaki kwako. Tunaongeza." Akapiga mstari chini kwa ile nyekundu. "Hiyo ndiyo unayodaiwa."

"Mzee, chukua hapa hapa, nakuomba."

"Niandikie hundi. Kwa jina langu kamili. Ipite benki, iingie kwenye disketi, mashine yako iione."

Nilikuwa na kitabu cha hundi kwenye pikapu. Natembea nacho, ni namna yangu. Nilikuwa naharakisha tarakimu, akaniambia niandike pole pole, benki hawapendi kufuta. Nilipomaliza akaipepea ikauke, akaniandikia stakabadhi. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, maana ni mtu wa adabu, na akaniambia nisalimie dukani.

Mtaani kwao nilisema. Nilisimama mbele ya watu wa chama cha kuzikana, nikasema, wakanisikiliza, wakasema wameelewa. Walimpelekea sanduku mpaka Mkonze. Akawashukuru, akawaambia wampe mtu mwingine.

Ijumaa ya wiki ya pili nilichukua disketi benki, nikaingiza, nikabonyeza. Mistari ikaanza kupanda. Mashine haikuniuliza kitu juu ya hundi ile, nilikuwa nimeshaifundisha jina hilo iende nalo wapi. Ikaichukua yenyewe, haraka, ikaiweka chini ya neno nililoliandika kwa kidole kimoja. Jina lake kamili, namba ya hundi, na pembeni yake WIZI.

Sikujua namna ya kuiondoa. Nilikwenda kumbembeleza yule mama wa duka la vifaa vya ofisi, akaja, akasoma, hakuuliza. Alinionyesha pa kubonyeza ili neno lile lifutike na kanuni ifutike nalo, akaniacha nifanye mwenyewe. Pesa za wateja nikazihamishia kwa wenyewe kwa kufuata leja, ukabaki ule mstari mmoja wa hundi, na mashine ikaniuliza upya, kama mara ya kwanza: huyu nimwandike wapi? Nikaandika Mishahara. Ikakubali, ikaisogeza, ikaonyesha kiasi upande wa kulia: shilingi elfu kumi na saba, mia nane na hamsini.